Mfereji Ukitoka, kwa Mbu Mvua Imenyesha

Masika yakishika, simu yangu haipumziki. "Njooni mpulize dawa, mtaro umejaa mbu!" Naenda. Nachota maji ya mtaroni kwa upawa wenye mpini mrefu, nakuta viluwiluwi kweli, tena tele. Kisha naomba kuingia uani nitazame mapipa, na hapo ndipo nyuso zinapokunjamana. Mtaro ni wa kaunti, pipa ni la mwenye nyumba.

Kazi yangu ni wadudu, na Mombasa nimezunguka na huo upawa tangu Likoni hadi Bamburi. Jambo moja limenishinda kulielezea likaeleweka kwa mara ya kwanza: mbu anayeleta homa ya dengi mtaro huo hana haja nao.

Habari ya mtaro niimalize mapema. Wanaozaliwa humo, na kwenye makaro yaliyopasuka vifuniko, ni Kuleksi, wale wanaotuimbia masikioni usiku. Maji yaliyooza ndiyo raha yao, na mji ambao nyumba nyingi bado zinategemea shimo badala ya bomba la maji machafu umewajengea makao ya mwaka mzima. Matende na mabusha ya pwani yana mkono wao. Kule Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 ilijaribiwa hila moja ninayoipenda mno: vipira vyepesi vya plastiki, jamii ya vile vinavyokinga televisheni ndani ya boksi, vilimwagwa kwenye vyoo vya shimo vilivyojaa maji. Vikaelea, vikafunika uso wa maji, kiluwiluwi akakosa pa kuvutia pumzi.

Anofelesi wa malaria naye hutaka maji wazi yanayopigwa na jua. Kwa hiyo kisiwani, ambako nyumba zimebanana, hapati nafasi kubwa. Mtafute pembezoni: madimbwi ya Kisauni, matimbo ya mawe, mabwawa ya kuogelea yaliyoachwa msimu wa watalii ukiisha. Ndugu yake mmoja huvumilia hata maji ya chumvichumvi yanayobaki mikokoni bahari ikitoka.

Sasa Edesi, mwenye hiyo dengi. Huyu ni mweusi mwenye vipaku vyeupe miguuni, na huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri jua likipoa. Chandarua chako cha usiku hakimhusu, labda kwa mtoto anayelala mchana.

Niliwahi kuingia nyumba moja Kibokoni, ukumbi umepigwa deki unang'aa, udi unafukizwa. Uani palikuwa na mapipa matatu ya buluu yaliyofunikwa leso. Bibi mwenye nyumba aliponiona natoa tochi akacheka. "Mwanangu, maji hayo ndiyo ninywayo. Yana uchafu gani?" Hayakuwa na uchafu wowote. Nikafunua leso, nikamulika, na vinyuzi vyeusi vikakimbia mwanga kwenda chini wakijinyonganyonga. Bibi akanyamaza. Nami niliona haya, maana usafi wake haukuwa na dosari.

Tatizo lilikuwa ukutani mwa pipa. Edesi jike hatagi juu ya maji kama Kuleksi. Hubandika mayai kwenye ukuta wenye unyevu, juu kidogo ya maji yalipofika, na mayai yenyewe ni madogo meusi, mtu huyadhani chembe za masizi. Yakikauka hayafi, hukaa hivyo miezi. Siku maji yakipanda yakayafunika, huanguliwa, na kwa joto letu baada ya siku saba mpaka kumi hivi kiluwiluwi keshakuwa mbu mwenye mabawa. Ni tabia aliyorithi kwa mababu zake wa msituni, waliotaga kwenye mashimo ya miti: mvua ikijaza shimo, watoto huzaliwa.

Shimo la mti mjini hakuna, lakini kuna mgao wa maji. Mombasa maji yake hutoka mbali, chemchemi za Mzima, Marere, visima vya Baricho, na hayatoshi. Basi mfereji, yaani bomba la maji, hutoka leo, ukalala siku kadhaa, ukatoka tena. Ukitoka, watu hujaza kila chenye mdomo: pipa, ndoo, mtungi, beseni la kuogeshea mtoto. Maji yakipungua, ukuta wa pipa hubaki na unyevu na jike akataga. Mfereji ukirudi, pipa likajazwa hadi juu, mayai yakafunikwa. Mgao wetu umeiga mvua bila kukusudia, tena mvua isiyojali kusi wala kaskazi.

Ndiyo maana sishangai kwamba chikungunya, homa nyingine ya Edesi huyuhuyu, ilizuka Lamu mwaka 2004 wakati wa ukame. Wengi huamini mvua haba ni mbu haba. Watafiti walioichunguza waliihusisha na ukame huohuo: maji yalihifadhiwa majumbani muda mrefu bila kubadilishwa, na joto lilikuwa kali. Waliopima damu baadaye walikuta karibu robo tatu ya watu wa Lamu wameambukizwa. Kabla mwaka haujaisha ugonjwa ulikuwa umefika Mombasa, na mwaka uliofuata ukawa Komoro. Dengi nayo imetuzukia mara kadhaa tangu 2013. (Wenzetu wa Tanzania huiita kidingapopo, na wapo wanaosema jina "dengue" lenyewe lilitoka katika Kiswahili chetu. Sina ushahidi wa kuapia, ila fahari yenyewe ni ya ajabu.)

Wala kuhamia kwa Edesi ndani ya nyumba si jambo la kubuni. Rabai, hapo juu tu ya Mombasa, wanasayansi wa miaka ya 1970 walikuta Edesi wa namna mbili katika eneo moja: mweusi wa msituni aliyependa damu ya wanyama, na wa rangi ya kahawia aliyetaga kwenye mitungi ya maji ndani ya nyumba na kumpenda binadamu. Mtungi ulitosha kuwatenga.

Siku hizi mtungi umebadilika umbo. Matairi yaliyorundikwa kwenye gereji za malori Changamwe na Miritini. Madafu yaliyonyweka yakatupwa kando ya barabara. Na majengo mapya ya ghorofa, hasa shimo la lifti: naapa, sijaingia jengo lililosimamishwa ujenzi nikatazama shimo la lifti nikalikuta kavu. Kontrakta hulalamikia wafanyakazi wake kuugua homa huku maji yamefika magotini chini ya miguu yao.

Kwa hiyo moshi wa dawa unaopulizwa barabarani siupendi sana. Huua mbu wanaoruka jioni ile, na wakati wa mlipuko una nafasi yake, lakini yai lililoganda ndani ya pipa uani halina habari. Edesi kwa kawaida haruki mbali, mita mia au mia mbili basi. Anayekuuma alizaliwa kwako, au kwa jirani mnayesabahiana kila asubuhi.

Bibi wa Kibokoni nilimwambia asitosheke na kumwaga maji. Asugue ukuta wa ndani kwa kumbi la nazi, kila juma, kwa nguvu kama anayesugua sufuria iliyoungua, na leso aikaze kwa kamba isilegee katikati. Akaniambia nyumba za kale za Lamu zilikuwa na birika, na chini ya birika paliwekwa bakuli la kaure ambamo visamaki walijihifadhi maji yakipungua. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi. Nilikuwa nimelisoma hilo vitabuni. Yeye alilijua kwa mamake.

Ninachokihofia sasa ni mgeni mwingine, Anofelesi stefensi kutoka Asia. Huyu huleta malaria na hapo hapo huzaliwa kwenye matangi ya mjini kama Edesi. Alionekana Djibouti mwaka 2012, na mwishoni mwa 2022 akathibitishwa Marsabit, hapa hapa Kenya. Sisi tuna bandari. Tangu hapo nikipanda paa lenye matangi meusi huangalia kwanza viluwiluwi wamekaaje. Wa Edesi huning'inia kichwa chini, mkia ukigusa uso wa maji. Wa Anofelesi hulala bapa sambamba na maji. Nina vichupa mfukoni tayari, na mpaka leo nilioshusha kutoka juu ya paa wote walikuwa wanaoning'inia.