Kutathmini si kukagua

Juzi tukipanda Lushoto, tope na mawe vilikuwa vimeziba njia na magari yamepanga foleni. Akaja bwana mmoja mwenye kizibao cha rangi ya machungwa, akapiga picha tatu kwa simu, akatutangazia: "Tathmini imeshafanyika, barabara ni salama." Hapana, kaka. Umekagua.

Tathmini ya hatari ni kupima tukio lina uwezekano gani wa kutokea, na likitokea litadhuru nini, kwa kiasi gani. Basi.

Neno lenyewe linajieleza. Tathmini na thamani ni ndugu wa baba mmoja, wote wametoka kwenye Kiarabu "thaman", yaani bei. Kutathmini ni kukitia kitu bei. Anayetathmini nyumba haishii kusema "nimeiona", anakutajia kiasi. Kukagua ni kazi ya macho, na macho huona kilichokwisha kuanguka.

Tope la milimani mara nyingi halitoki ukingoni mwa lami. Huanzia juu kabisa, hufuata korongo, njiani likazoa mawe na magogo. Katesh, Desemba 2023, lilianzia kwenye miteremko ya Mlima Hanang likashuka hadi mjini, watu zaidi ya 80 wakafa. Kwa hiyo mwenye kutathmini hupanda korongo: udongo uliolegea ni kiasi gani, mvua ya namna gani iliwahi kuuteremsha, tope la zamani limeacha alama kwenye miti kwa kimo gani. Akishuka anapima kalavati, maana kalavati inayomeza maji vizuri inaweza kukabwa na gogo moja, mzigo wote ukapanda barabarani. Kisha, na hapa ndipo bei inapoingia, anahesabu magari: hupita mangapi, saa ngapi, na njia ikifungwa siku tatu, kuna pa kuzungukia?

Korongo ni lile lile na mvua ni ile ile, lakini magari yakisimama mdomoni mwake hatari inapanda. Foleni yetu ilisimama hapo hapo, nusu saa nzima, huku wingu likitanda juu ya msitu.

Simlaumu sana yule bwana, hata picha zake zina kazi. Ila siku nyingine atuambie tu, "Tumekagua, mawe tumeyaondoa, piteni upesi." Tathmini bado.