Upasuaji wa macho kwa leza: faida na hatari zake

Mtu akikuambia kwamba amefanyiwa leza akaachana na miwani, mara nyingi anazungumzia LASIK. Kinachoguswa ni konea, kile kioo cha mbele ya jicho chenye unene wa takribani nusu milimita. Daktari hukata utando mwembamba juu yake na kuufunua, leza hupunguza tishu kidogo iliyo chini ili umbo la konea libadilike, kisha utando hurudishwa bila kushonwa. Leza humaliza kazi kwa sekunde chache, na wengi huona vizuri kesho yake. Kwa mtu asiyeweza kutambua sura ya mwenzake bila miwani, hiyo si faida ndogo.

Ila tishu iliyoondolewa hairudi. Neva za konea nazo hukatwa, ndiyo maana macho makavu ni malalamiko ya kawaida. Kwa wengi hupungua baada ya miezi kadhaa, kwa wachache hubaki. Wengine huona duara za mwanga kuzunguka taa usiku, jambo zito kwa dereva wa masafa. Na ukishafika miaka 40 na kitu, miwani ya kusomea utaihitaji tu, kwa sababu tatizo hilo liko kwenye lenzi ya ndani.

Hatari ninayoihofia zaidi huamuliwa kabla mashine haijawashwa. Kuna watu ambao konea yao ni dhaifu na inachongoka taratibu mfano wa koni. Ugonjwa huu, keratokonasi, huhusishwa na mzio na kufikicha macho, na kwetu Afrika Mashariki watoto wenye macho ya kuwasha ni wengi. Konea ya namna hiyo ikipunguzwa, inaweza kuendelea kuvimba mbele hadi miwani isisaidie tena. Kwa hiyo kliniki isiyopima unene na ramani ya konea, au isiyokuuliza kama namba ya miwani yako imetulia kwa angalau mwaka mzima, ondoka. Kuambiwa "hufai" baada ya vipimo ni huduma nzuri.

Wenye konea nyembamba kiasi, au wanaocheza ngumi, huenda wakashauriwa PRK, aina nyingine ya upasuaji wa leza isiyo na utando wa kukata. Inauma siku kadhaa na kuona kunachelewa kutulia.

Ukikubali, omba nakala ya vipimo vya awali uitunze. Ukipata mtoto wa jicho uzeeni, daktari atavihitaji kukokotoa lenzi ya kukuwekea.