Tyuna kwenye pikapu ya dizeli: tunayodanganyana na yanayotokea kweli injinini

Wakuu, kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya kiboksi cheusi chenye nyaya mbili cha tyuna, yaani cha kuiongezea injini nguvu, anauliza "kaka hii vipi, nifunge kwenye Hilux yangu?" na mimi kila wiki naandika jibu lile lile refu mpaka vidole vinauma. Leo naandika mara moja, atakayeuliza nitamtupia hii. Mimi mwenyewe nilifunga, nikafurahi wiki tatu, halafu nikalia, kwahiyo siongei kama mtu wa pembeni.

"Tyuna ni tyuna, zote ni kitu kimoja"

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapigwa. Kuna vitu vinne tofauti kabisa vinauzwa kwa jina hilohilo moja.

Cha kwanza ni kile kidude cha bei ya chipsi kuku unachomeka kwenye soketi ya OBD (ile ya fundi kuchomeka mashine ya kupimia gari) chini ya usukani, kinawaka taa, unaambiwa subiri kilomita kadhaa "kijifunze" uendeshaji wako. Watu wameshavifungua hivi vidude wakakuta ndani taa za LED na kichipu cha kuziwasha tu, hakuna hata kifaa cha kuongea na kompyuta ya gari. Yaani umenunua taa ya disko. Nguvu unayoisikia ni hela yako inavyouma.

Cha pili ni boksi la pedali, lile linalofungwa kati ya pedali ya mafuta na kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Hili linafanya kazi ila sio kazi unayoifikiria. Gari za siku hizi pedali haina waya wa kuvuta, ina sensa, sasa hili boksi linaikuza tu ile taarifa, ukikanyaga robo gari linaambiwa umekanyaga nusu. Gari linaruka, unasema aisee jini limeingia, lakini kanyaga mpaka chini kabisa utapata nguvu ileile gari lililozaliwa nayo maana asilimia 100 haina mbele yake. Mimi silichukii, mtu anayeendesha mjini na gari zito kuondoka linamsaidia, ila usiniambie limeongeza hospawa.

Cha tatu ndo boksi lenyewe, linalochomekwa kwenye sensa ya presha ya reli (bomba linalogawia injekta dizeli), na cha nne ni kurimapu, yaani fundi anachukua programu iliyomo kwenye kontroli boksi anaibadilisha na kuirudisha. Hivi viwili ndo vinaongeza nguvu kweli, na hivi viwili ndo vinaweza kukuua, kwahiyo sehemu kubwa iliyobaki naongelea hivi.

"Gari lolote la dizeli linakubali"

Jamaa mmoja ana Land Cruiser pikapu ya 1HZ, ile silinda sita 4.2, akanipigia anataka chipu. Nikamwambia mzee, hiyo chipu utaifunga wapi, kwenye kioo? 1HZ pampu yake ni ya makanika, haina tabo (feni ya kusukumia hewa injini), haina kompyuta inayopima dizeli, ndo maana inatembea mpaka wajukuu. Hilux za zamani za 3L na 5L ni hivyohivyo. Kwenye hizo kuongeza mafuta ni fundi pampu na bisibisi yake, na bila tabo unachopata zaidi ni moshi.

Petroli nayo, mfano ile Hilux ya 2.7 isiyo na tabo, rimapu itakupa kidogo sana, pengine usisikie kabisa. Hewa inayoingia ni ileile, sasa programu itatoa nguvu wapi? Tyuna ina maana kwenye dizeli ya komoni reli, ile yenye reli moja ya injekta zote, tena yenye tabo: Hilux za D-4D na hizi za GD, Ranger, D-Max za sasa na wenzao.

"Boksi linapunguza ulaji wa mafuta, angalia hata dashbodi inaonyesha"

Hii naipenda kwa sababu ni uongo mtamu na ushahidi wake uko mbele ya macho yako.

Boksi linafanya hivi. Kwenye reli kuna sensa inayoiambia kompyuta presha ya dizeli ni kiasi gani. Boksi linakaa katikati linadanganya: presha ikiwa bar 1,400 lenyewe linapeleka habari kwamba ni 1,250. Kompyuta inashtuka, inaiambia pampu ongeza, presha inapanda, injekta ikifunguka kwa muda uleule inapitisha dizeli nyingi zaidi. Hapo ndo nguvu inapotoka, hakuna uchawi.

Sasa fikiria, kompyuta ndo hiyohiyo inayokuandikia ulaji kwenye dashbodi, na inahesabu kwa kile inachoamini imepuliza, sio kilichopulizwa. Umeidanganya halafu unaiomba ushahidi! Mimi kwenye Hilux Vigo yangu 3.0 dashbodi ilikuwa inasoma kilomita 11.8 kwa lita, nikatembea natamba. Siku nikajaza tenki mpaka juu pale Dar, nikaenda Iringa kama kilomita 500 hivi, nikajaza tena mpaka juu, nikagawanya kwa kalkuleta ya simu: 10.2. Kabla ya boksi nilikuwa napata 10.4. Yaani nilikuwa nimerudi nyuma huku nasherehekea.

Kuwa mkweli, rimapu nzuri kwa mtu anayebeba mzigo inaweza ikapunguza kidogo, kwa sababu toki (nguvu ya kuvuta) inakuja mapema unabadilisha gia mapema na huchochei sana. Lakini wengi wetu tukipewa nguvu tunaitumia. Pima kwa sheli, sio kwa dashbodi.

"Moshi mweusi ni dalili kwamba inavuta"

Moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia ikatoka bila kuungua vizuri, basi. Kilo 1 ya dizeli inahitaji kama kilo 14.5 za hewa ili iungue, na injini ya dizeli inataka hewa zaidi ya hapo isitoe moshi. Boksi linaongeza dizeli, hewa halijui. Kwenye rimapu fundi anayejua anagusa na presha ya tabo na ile mipaka ya moshi vyote pamoja, ndo maana gari lililorimapiwa vizuri linavuta na moshi huuoni. Ukiona mtu anajisifia kwa wingu analoachia bodaboda nyuma, mwonee huruma yeye na mwenye bodaboda.

"Kiwanda kimeficha nguvu makusudi ili wauze modeli ya bei mbaya"

Hapa kuna ukweli nusu, na ukweli nusu ndo mbaya zaidi. Ni kweli kiwanda kinaacha nafasi. Angalia Hilux ya 2.8, injini ya 1GD. Ilipotoka 2015 ilikuwa na hospawa 177, mwaka 2020 injini hiyohiyo ya 2.8 ikapewa 204. Watu wakaona hiyo wakasema si unaona, ilikuwemo humo humo imefichwa! Sasa angalia namba nyingine ambayo hawakuambii: hiyo ya 2020 yenye gia za otomatiki inatoa toki 500, ile ya manyuo wameiacha kwenye 420. Injini moja, gari moja, mwaka mmoja. Walioitengeneza wenyewe wanakuonyesha kwamba kipimo sio injini peke yake, kuna kilichoko nyuma ya injini nacho kina kiwango chake. Wewe unakuja na boksi unaipa manyuo toki ya otomatiki halafu klachi ikianza kunuka unasema klachi za siku hizi feki.

Na joto. Hii nafasi waliyoiacha sio ya bure, ni ya siku mbaya: umebeba, kuna jua, uko kwenye mlima, filta imejaa vumbi, na dizeli umejaza kwenye madumu kijijini. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660, na moshi wa dizeli inayochapwa mlimani unaweza kuzidi hapo. Pistoni inapona kwa sababu moto unakuja na kuondoka na chini inapigwa oili ya kuipoza. Ukiongeza dizeli bila hewa ile joto inapanda, na injini haitakupigia kelele mapema. Ndo maana mtu akiniambia nataka kutyuni namuuliza kwanza geji ya joto la moshi utaifunga lini, wengi hawajawahi hata kuisikia.

Halafu kuna kimo. Faili nyingi zinauzwa zimetoka Ulaya, zimeandikwa kwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Mafinga uko kama mita 1,900 juu, presha ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Dar. Tabo inabidi izunguke kwa kasi zaidi kuleta hewa ileile. Ambaye anauza faili moja kwa mtu wa Tanga na mtu wa Njombe bila kuuliza chochote, huyo sio fundi, ni muuza CD.

"Injini imechoka, tyuna itaifufua"

Sasa njoo kwenye kilio changu.

Vigo yangu ina injini ya 1KD, na anayeijua 1KD anajua injekta zake zinavyosumbua. Ilikuwa imeanza kuwa nzito, asubuhi inagonga kidogo ikiwa ya baridi, mimi nikaona badala ya kuhangaika na nozeli nitafute nguvu kwa njia ya mkato. Fundi aliyenifungia boksi (simtaji, na wala hakunilazimisha) hakupima chochote. Dakika kumi na tano, soketi mbili, chukua funguo bosi. Wiki tatu nilikuwa mfalme, naovateki mabasi.

Halafu nikabeba mabati na simenti kwenda Mafinga. Pale mlima Kitonga kwenye kona za katikati niko nyuma ya semi, namba mbili, natafuta nafasi, nakanyaga. Kwenye kioo naona nyuma kumekuwa usiku. Mara nguvu ikakatika kama mtu kafunga koki, taa ya cheki injini ikawaka, gari likawa linatambaa tu na wenye malori nyuma wanapiga honi kama harusi. Nikapanda hivyohivyo mpaka juu, moyo uko mdomoni.

Iringa nikapata fundi mzee mmoja mpole. Hakuuliza maneno mengi, akachomoa mipira ya ritani (inayorudisha dizeli iliyobaki) ya injekta zote nne akaning'iniza vichupa vinne vidogo vya plastiki pale juu ya injini, akawasha, akaiacha ingurume bila kukanyaga mafuta. Vichupa vitatu vikawa vinapanda taratibu sawasawa. Cha tatu kutoka mbele kilijaa mpaka kikamwagika wakati wenzake hawajafika hata nusu. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, hii ilikuwa inaumwa siku nyingi, boksi limekuja kuizika tu." Tulipofungua hedi, pistoni namba 3 ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele umepita kwenye mdomo wake. Ningesubiri safari moja tena ningeokota vipande barabarani.

Kilichotokea ni rahisi. Injekta ilikuwa tayari inavuja, boksi likapandisha presha, silinda ile ikawa inapata dizeli isiyoihitaji na joto likakaa sehemu moja. Boksi lilifanya kazi yake sawasawa, mgonjwa alikuwa mimi niliyeruka vipimo. Kwahiyo kabla ya kutyuni: ritani ya injekta, mipira ya intakula (kipoza hewa ya tabo) kama haivuji, filta ya hewa na ya dizeli, klachi. Ukimaliza hivyo wengi mtagundua gari limerudi kuwa zima na hamu ya tyuna imeisha yenyewe.

"Nikilitoa kabla ya kwenda sevisi hawajui"

Boksi ukilichomoa kweli linaacha alama chache, ingawa kompyuta inaweza kuwa imehifadhi makosa ya presha. Rimapu ni tofauti. Programu ina namba yake ya utambulisho, na gari nyingi zinahesabu zimeandikwa upya mara ngapi, kwahiyo hata ukirudisha ya kiwandani hesabu haiendani. Kama gari lina waranti, subiri iishe. Na kurimapu kwenyewe hakikisha betri imewekewa chaja, umeme ukishuka katikati ya kuandika unaweza kuondoka na kontroli boksi iliyokufa, na bei ya mpya ukaulize ukiwa umekaa.

"Ng'oa DPF na ziba EGR, wazungu wote wanafanya"

DPF ni filta ya masizi kwenye ekzosi, EGR ni vali inayorudisha sehemu ya moshi injinini. Wanafanya wengi ndio, na wapo waliokamatwa. Marekani mamlaka yao ya mazingira, EPA, ilitoa ripoti 2020 ikakadiria pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimetolewa mifumo ya kusafisha moshi ndani ya miaka kama kumi, na waliouza hizo tyuna wamepigwa faini nzito. Huku kwetu hakuna anayekupima barabarani sana, lakini DPF ikiziba mara kwa mara kuna kinachoiziba, na mara nyingi ni injekta au safari fupifupi za mjini. Ukiing'oa umefukuza mlinzi, mwizi bado yuko ndani.

Boksi langu bado ninalo, liko kwenye droo ya dashbodi limefungwa kwenye mfuko wa sukari. Yule aliyenitumia picha jana alikuwa anauliza nauza shilingi ngapi. Nimemwambia akapime ritani kwanza, aniletee picha ya vichupa.