Bekipoti ni nini kwenye Linux?

Mwalimu mmoja alivuka na feri kutoka Nansio akaniletea hapa Mwanza kompyuta mpakato mpya. Alikuwa ameweka Debian 12, moja ya mifumo ya Linux, kila kitu kinafanya kazi, ila waifai haionekani kabisa. Si kwamba ilikataa nywila. Hata orodha ya mitandao haikuwepo. Nilipoandika lspci, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani, kadi ikajitaja: Realtek RTL8852BE. Nzima, haina tatizo.

Tatizo ni umri. Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na kerneli 6.1 (kerneli ndiyo kiini cha mfumo, kinachozungumza na vifaa), na draiva ya kadi hiyo iliingia kwenye kerneli 6.2. Toleo imara la Debian likishatoka hupokea marekebisho ya makosa na ya usalama tu, halirukii kerneli mpya. Mimi naipendea hapo hapo: kompyuta ya zahanati au ya duka la Makoroboi haitakiwi kuamka siku moja imebadilika tabia.

Bekipoti ni programu inayochukuliwa kutoka toleo linaloandaliwa, kisha ikajengwa upya kutoka kwenye msimbo wake ili ikubaliane na maktaba za toleo ulilonalo. Shika hilo la kujengwa upya. Ukilazimisha kifurushi cha toleo jipya kama kilivyo, mara nyingi kitadai libc mpya, maktaba ya msingi inayotegemewa na karibu kila programu, nayo itavuta vingine, na ukija kushtuka nusu ya mfumo imeshahama. Fundi wa mitumbwi pale Mwaloni, Kirumba, akiletewa injini mpya hachongi mtumbwi mwingine. Anatengeneza ubao wa nyuma uikubali injini, mbao nyingine anaziacha.

Kwa mwalimu tulipata intaneti kwa kuchomeka simu yake kwa waya wa USB. Nikaongeza hazina ya bookworm-backports (bookworm ni jina la Debian 12) kwenye orodha ya apt, kisakinishi cha programu, pamoja na sehemu yake ya non-free-firmware, yenye fimuwea, yaani programu ndogo zinazoendesha kifaa chenyewe, kisha:

sudo apt install -t bookworm-backports linux-image-amd64 firmware-realtek

Usisahau ile -t, ndiyo inayotaja hazina ya kuchukulia. Vifurushi vya kawaida vina kipaumbele cha 500, vya bekipoti 100, kwa hiyo hakuna kinachotoka humo mpaka ukiombe. Ukishakiomba, masasisho yake yanafuata yenyewe.

Tukawasha upya, mitandao ikajipanga kwenye kioo. Kerneli 6.1 haikufutwa, iko kwenye menyu ya GRUB inayotokea kompyuta ikiwaka, nikamwonyesha mwalimu jinsi ya kuirudia endapo mpya itamsumbua.

Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, nao wana njia yao ya kuleta kerneli mpya, HWE (Hardware Enablement): toleo la 22.04 lilianza na kerneli 5.15, na kwa njia hiyo likafika 6.8.

Tafadhali usizoe kila kitu humo. Vifurushi vya bekipoti havijapimwa kwa muda mrefu kama vya toleo imara. Nachukua kerneli, fimuwea, na mara chache Mesa kwa ajili ya kadi ya picha. LibreOffice ya mwalimu, anayoandalia mitihani, sikuigusa.