Je, wajua kwa nini katuni humtuliza mtoto anayesubiri kupasuliwa?

Mpwa wangu alikuwa na miaka 4 alipopasuliwa ngiri katika hospitali moja mashariki mwa Uganda. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi, hajala tangu usiku, na jina lake likaitwa saa saba mchana. Njaa aliivumilia. Sindano ya mkononi pia aliivumilia, akalia kidogo akanyamaza. Kilichomshinda ni ule mlango. Alipowaona watu waliofunika nyuso wakimsubiri pale, alimkaba mama yake shingoni, ikabidi wambandue kidole kimoja kimoja. "Mama, achia tu, atanyamaza," dada yangu akaambiwa. Tulimsikia akilia ndani hadi sauti ikakatika ghafla, gesi ya usingizi ilipomchukua.

Mwaka uliofuata ngiri ikatokea upande wa pili, tukaenda hospitali nyingine. Safari hii mtaalamu wa usingizi, yaani anayewalaza wagonjwa kwa dawa kabla ya kupasuliwa, mama wa makamo, alikuja wodini mapema, akachuchumaa mbele ya kitanda akamuuliza kwa Kiswahili, "Baba, wewe unapenda kutazama nini?" Mtoto akaonyesha simu ya mama yake, yenye kioo kilichopasuka pembeni. Ndani yake mlikuwa na katuni ya mbuzi anayekimbizwa na kuku. Musawo, yaani daktari kwa Kiganda, akasema, "Haya, twende na huyo mbuzi." Mtoto akapita mlango wa namna ileile, macho kwenye simu, asigeuke hata mara moja kumtafuta mama yake.

Mtoto ni yuleyule, ugonjwa ni uleule. Simu ilifanya nini?

Tuanze na hofu yenyewe, kwa sababu wengi tunaidharau. Watoto wa mwaka 1 hadi 5 hivi ndio wanaoteseka zaidi kabla ya upasuaji. Kwa umri huo kutenganishwa na mama ni tishio kuliko kisu, ambacho hata hawakijui. Ukimwambia "dakika kidogo tu", hana saa kichwani ya kupimia hiyo kidogo. Wengine hudhani wanaadhibiwa, kwamba wameletwa hapa kwa sababu walimpiga mdogo wao au walimwaga maziwa. Mtoto wa miaka 8 hofu yake ni nyingine: ataamka katikati? Ataumia? Huyo unaweza kumweleza akaelewa. Mdogo hata umweleze vipi, maneno hayafiki pale hofu ilipo.

Na hofu hiyo haiishi machozi yakikauka. Mtoto anayelia kwa nguvu hujaa mate na makamasi, na njia yake ya hewa inaweza kubana wakati anavutishwa gesi, jambo ambalo watu wa usingizi wanaliogopa kwelikweli. Mwaka 2006 daktari wa usingizi Zeev Kain na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 241 wa miaka 5 hadi 12 waliotolewa mafindofindo. Waliokuwa na hofu kubwa kabla ya upasuaji waliumia zaidi baadaye na kuhitaji dawa nyingi zaidi za maumivu. Katika hao, karibu 10 kwa kila 100 waliamka wamechanganyikiwa, wakipiga kelele na kurusha mikono bila kumtambua mtu. Kwa watoto waliokuwa watulivu haikufika hata 2 kwa 100. Wenye hofu walisumbuka pia na usingizi hata baada ya kurudi nyumbani. Dada yangu aliposoma hayo alikaa kimya muda mrefu. Baada ya upasuaji ule wa kwanza, mwanawe alikuwa akishtuka usiku na kumtafuta kwa kupapasa kitandani.

Sasa simu. Fikiria taksi ya Kampala, ile ya abiria 14. Kondakta atabana hapa, atabana pale, lakini kuna mahali hata yeye hufunga mlango akapiga bodi gari liondoke. Umakini wa binadamu uko hivyo: una viti vyake, vikijaa vimejaa. Umakini wa mtoto mdogo hata taksi si taksi, ni bodaboda ya abiria mmoja. Hofu nayo ni abiria. Ili imtawale mtoto ni lazima aitazame, aisikilize, aitafutie ushahidi: yule mtu ameshika nini? Mama anakwenda wapi? Katuni ikimchukua macho na masikio, au mchezo ukimchukua na vidole pia, hofu inabaki stejini ikitafuta usafiri.

Ndiyo maana wakati una uzito kuliko kifaa. Hofu ikishapanda kwanza, katuni ndiyo itakayobaki stejini. Nimewaona wazazi wakitoa simu mtoto akiwa ameshapiga mayowe, wakamsogezea usoni, mtoto akaipiga teke. Yule mama wa usingizi alikuja wodini mtoto akiwa bado mtulivu, na hiyo nusu saa ya mapema ndiyo iliyofanya kazi.

Jambo hili limepimwa. Kain huyohuyo na wenzake walitengeneza kipimo cha hofu kinachotumika sehemu nyingi duniani hadi leo, nacho hakihitaji mashine. Mtu mzima anamwangalia mtoto na kutoa alama: anacheza au ameganda? Anaongea au amenyamaza? Uso wake ukoje? Anashtukashtuka? Anamng'ang'ania mzazi? Alama huanzia 23 hivi hadi 100, na ikizidi 30 mtoto huyo anahesabiwa kuwa ana hofu. Kwa kipimo hicho madaktari wa New Jersey waliwagawa watoto 112 wa miaka 4 hadi 12 katika makundi matatu, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Wa kwanza waliingia na mzazi tu. Wa pili waliingia na mzazi baada ya kunywa midazolamu, dawa ya kutuliza inayotolewa sana kabla ya upasuaji. Wa tatu waliingia na mzazi pamoja na mchezo mdogo wa video wa kushika mkononi. Kati ya waliocheza, 63 kwa kila 100 hofu yao haikupanda au ilishuka kabisa. Katika makundi yale mengine mawili hawakufika 30 kwa 100.

Miaka kumi na kitu baadaye, mwaka 2017, Wafaransa wa Lyon walilinganisha kishikwambi na midazolamu kwa watoto wa miaka 4 hadi 11. Hofu ilikuwa sawa katika makundi yote mawili. Ila wazazi na wauguzi wa upande wa kishikwambi waliridhika zaidi na jinsi mtoto alivyolala. Kwangu mimi kulingana huko ni habari kubwa. Dawa hiyo inahitaji dakika 20 hadi 30 ishike, inaweza kumchelewesha mtoto kuamka, na wapo watoto inaowageuza wakawa wakali badala ya kutulia. Katuni hailewi mtu.

Wengine wamekwenda mbali zaidi, kwenye miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho yote hadi mtoto akajiona yuko ndani ya picha. Nchini Korea Kusini, mwaka 2017, watoto wa miaka 4 hadi 10 walivalishwa miwani hiyo, na pengwini wa katuni wanayempenda akawatembeza ndani ya chumba cha upasuaji kwa dakika 4, akiwaonyesha kitakachofuata. Walioonyeshwa walikuwa na hofu ndogo kuliko wenzao. Hiyo tayari ni zaidi ya kumpoteza mtoto mawazo. Ni kumfundisha mahali anapokwenda, akafika akiwa mwenyeji. Lakini miwani ni mizito kwa kichwa kidogo, watengenezaji wenyewe hawaipendekezi kwa watoto wadogo, na lazima isafishwe kila ikitoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa hospitali zetu nyingi naona tuanze na simu ya mama.

Hapa Uganda takriban nusu ya watu ni watoto, na hospitali zenye wataalamu wa kuwapasua ni chache, kwa hiyo watoto husafirishwa kutoka mbali. CURE ya Mbale hupokea watoto wenye vichwa maji kutoka kila upande wa nchi na nje yake. CoRSU ya Kisubi huwapokea wenye miguu iliyopinda na midomo iliyopasuka. Entebbe kuna hospitali ya upasuaji wa watoto iliyofunguliwa na shirika la EMERGENCY mwaka 2021, ile yenye kuta za udongo ulioshindiliwa, aliyoichora msanifu majengo Mwitaliano Renzo Piano. Kwenye benchi moja la wodi za namna hii unaweza kumkuta mama anayesema Lumasaba, wa pili Ateso, wa tatu Mkongomani aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale na Kiswahili chake. Muuguzi mmoja hawezi kumbembeleza kila mtoto kwa lugha ya kwao. Katuni isiyo na maneno inaweza. Mbuzi akianguka kwenye matope, mtoto wa Moroto na wa Kasese watacheka pamoja.

Nisiisifu simu kupita kiasi. Mtoto wa miezi 9 haihitaji, anahitaji mwili wa mama na sauti yake. Mtoto mwenye maumivu makali, aliyegongwa na pikipiki saa hiyo, umpe dawa ya maumivu kwanza. Na simu isitumike kumdanganya. Mtoto aliyeambiwa "tunakwenda dukani" akaamka na bandeji tumboni, safari ijayo hatakuamini wala wewe wala katuni yako. Mwambie kwa ufupi: daktari atakutengeneza hapa, utalala, ukiamka mama yupo. Halafu umpe simu.

Yule musawo alifanya jambo lingine dogo, nasi tuliliona kwa sababu alimruhusu dada yangu afike hadi ndani. Hakumnyang'anya mtoto simu mezani. Aliishika yeye kwa mkono wa kushoto, akaiinua usawa wa macho ya mtoto, na kwa mkono wa kulia akaileta barakoa ya gesi kutokea chini, taratibu, kidevuni kwanza. Hakusema "nitazame". Alisema, "Eh, kuku atamkamata kweli?" Mtoto akajibu "bado", akavuta pumzi.

Kwa hiyo kama mwanao ana tarehe ya upasuaji, chagua katuni mbili tatu anazozijua na kuzipenda, maana mpya inaweza kumtisha. Zipakue zikae ndani ya simu, usitegemee bando wala mtandao wa wodini. Simu ijae chaji usiku uliotangulia, na kama una kijibetri cha akiba kibebe, kwa sababu foleni inaweza kukufikisha mchana. Ikizima, omba glovu moja ya mpira, uipulize, uichoree macho. Uliza pia ni saa ngapi za mwisho mtoto anaruhusiwa maji. Hospitali nyingi huruhusu maji matupu hadi saa 2 kabla ya usingizi, na mtoto mwenye kiu hatulizwi na mbuzi yeyote.

Na swali la kama ataruhusiwa kuingia na simu, na wewe utaishia wapi, liulize siku ya kliniki mkiwa mmekaa, musawo ana nafasi ya kukujibu. Mlangoni huwa wamechelewa, na mtoto anawasikiliza.