Kwa nini mhadhiri mwenye saa nane za kufundisha kwa wiki hubeba kazi nyumbani?

Ukiiangalia ratiba, saa nane ni siku moja tu ya kazi. Ratiba lakini haina safu ya kusahihisha.

Chukua darasa la wanafunzi 300 wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha Tanzania. Mtihani wa insha ukisahihishwa kwa dakika 15 kwa kila mwanafunzi, ambao ni mwendo wa haraka, zinahitajika saa 75. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Kwa hiyo darasa hilo moja linameza zaidi ya wiki moja na nusu, na bodi ya mitihani ya idara inasubiri alama. Tasnifu za wanafunzi, ambazo nazo husomwa na mhadhiri, hatujazigusa. Likizo ya siku 28 nayo mara nyingi huangukia chuo kikifungwa, wakati wa mitihani ya marudio na wa kuwazungukia wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo.

Utafiti hufanyika saa ngapi? Usiku. Nao ndio wenye uzito katika kupanda cheo; rundo la karatasi zilizosahihishwa halimfanyi mtu mhadhiri mwandamizi.

Mbona basi wahadhiri wengi husema kazi wanaipenda? Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliona kwamba mshahara na mazingira mabaya huleta manung'uniko, lakini raha ya kazi hutoka kwingine: kwenye kazi yenyewe, mafanikio na kutambuliwa. Ndiyo maana mhadhiri anaweza kuipenda kazi yake na kugoma juu ya malimbikizo ya malipo yake mwezi huohuo.

Kwa mwendeshaji, yaani mfanyakazi wa chuo asiyefundisha, tuseme mhasibu, huenda mambo yakawa kinyume: ofisi hufungwa saa 9:30 alasiri na jioni ni yake, ila kazi ya kujirudia humpa machache ya kujivunia.

Kwa mhadhiri, kusahihisha swali la kwanza kwa wote kabla ya kwenda la pili huokoa muda, kwa kuwa mwongozo wa alama unabaki kichwani, na alama haziyumbi. Dawa kubwa iko kwa mkuu wa idara: anapogawa kozi ahesabu wanafunzi pamoja na vipindi, maana kozi mbili za watu 300 na kozi mbili za watu 25 huonekana sawa kwenye ratiba.