King'ora kimelia, mbona mmekaa?

Kazi yangu ni kuandaa maofisi ya hapa Dodoma kwa ajili ya dharura. Nikifika ofisi mpya, wenyeji hunipeleka kwanza kwenye mitungi ya kuzimia moto na kunionyesha tarehe ya ukaguzi. Ni vizuri. Lakini mtungi wa unga wa kilo 6 huisha ndani ya nusu dakika, na kazi yake ni moto mdogo unaoanza. Mimi nataka kujua jambo jingine: king'ora kikilia, nani anasimama kwanza?

Mara nyingi hasimami mtu. Watu wanageuza shingo, wanacheka kidogo, wanasubiri. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walichapisha jaribio ambalo hulisimulia kila mafunzo. Mtu amekaa chumbani anajaza dodoso, moshi unaanza kuingia kupitia tundu la ukutani. Kati ya waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Waliowekwa pamoja na watu wawili waliopangwa kujifanya hawaoni kitu, ni asilimia 10 tu waliotoka. Wengine walikohoa, wakapunga moshi usoni na kuendelea kuandika.

Sasa lilete jaribio hilo kwenye kikao chetu, mkurugenzi yuko kichwani mwa meza. Hapo watu hawatazamani wao kwa wao, wanamtazama yeye. Kunyanyuka kabla ya mkubwa ni kukosa adabu, na adabu tuliyolelewa nayo haiondoki kwa sababu kengele inalia. Mkubwa naye anaona haya kuonekana ana woga. Anasema, "Tuendelee," na mtoa mada anasogeza slaidi. Dakika ambazo ngazi zilikuwa bado hazina moshi zinapotelea hapo.

Ndiyo maana kabla ya zoezi lolote namwomba mkurugenzi atamke mbele ya wafanyakazi wote kwamba king'ora kikilia, hakuna anayesubiri ruhusa yake. Kisha siku ya zoezi atoke, aonekane. Msimamizi wa dharura wa kila ghorofa simchagui kwa cheo. Nimeona wahudumu na madereva wakiifanya kazi hii vizuri kuliko maafisa waandamizi, maana wanaijua kila kona na hawana faili la kukumbatia. Namvisha kizibao cha kung'aa na kumfundisha asiseme "jamani, samahani, naomba". Aseme: "Tunatoka sasa. Acheni vitu. Ngazi ni huku." Hata kwa mheshimiwa.

Halafu kuna kufuli. Mlango wa nyuma una maandishi ya kijani ya kutokea, na juu ya komeo lake pana kufuli ambalo ufunguo wake anao mlinzi, na mlinzi ameenda kula. Nikiuliza, naambiwa wizi wa kompyuta. Sibezi, wizi upo. Lakini hofu hiyohiyo ya wizi ndiyo iliyofanya mlango mmoja ufungwe katika kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, tarehe 25 Machi 1911. Walikufa watu 146, na ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya 6 wakati moto ulikuwa kuanzia ya 8. Dawa ipo: komeo la kusukuma kwa ndani lisilohitaji ufunguo, pamoja na kengele inayolia mlango ukifunguliwa. Mwizi anasikika, mfanyakazi anatoka.

Na lile jiwe linalozuia mlango wa ngazi ili upepo uingie, liondoeni. Najua joto la Oktoba. Mlango ukibaki wazi, moshi unapanda kwenye ngazi hizohizo mnazozitegemea.

Nje, jua la Dodoma linaharibu mipango. Kila mtu anakwenda chini ya mwarobaini, na mwarobaini huo uko mita chache kutoka ukutani, juu yake vioo. Eneo la kukusanyikia liwe mbali na jengo, lisizibe njia ya gari la zimamoto, na liwe upande unakotoka upepo. Kiangazi upepo wetu huja zaidi kutoka kusini mashariki.

Wafanyakazi ni rahisi kuwahesabu, kila mkuu wa kitengo anawajua wake. Wanaosahaulika ni wageni: mzee aliyetoka Kondoa kufuatilia mafao, mama aliyepanda basi alfajiri kutoka Manyoni. Hawamo kwenye mahudhurio ya kidole. Kwa hiyo mtu wa mapokezi ana kitu kimoja tu cha kubeba, daftari la wageni.

Tetemeko lina utaratibu wake, na tuko jirani na Bonde la Ufa. Ardhi ikitikisika usikimbilie ngazi. Ingia chini ya meza imara, kinga kichwa, utoke mtikisiko ukiisha.

Namba ya Zimamoto ni 114. Mpangeni mapema wa kupiga, na asiseme tu "ofisini kwetu Ilazo". Ataje barabara, kituo cha mafuta au shule iliyo karibu, jengo lina ghorofa ngapi, kinachoungua ni nini na kama kuna watu ndani. Mwingine aende kusimama barabarani kulielekeza gari, na mlinzi awe ameshafungua geti kubwa.